Mpaka wa Shamba na Mpaka wa Madhara: Sheria Inavyoamua Migogoro ya Uchafuzi kati ya Majirani

Ifuatayo ni mada kuhusu sheria za ujirani wa mashamba, iliyotolewa mbele ya wenyeviti wa vijiji, wajumbe wa mabaraza ya kata, wakulima na wafugaji. Inachapishwa kwa faida ya wananchi ambao hawakupata nafasi ya kuisikiliza.



Mashamba hupakana kwa mawe, kwa masale, kwa minyaa au kwa mfereji. Mpaka wa namna hiyo huonekana kwa macho, na mgogoro juu yake una wazee wa kuutolea ushahidi. Lakini maji hayatambui jiwe la mpaka, upepo hauulizi hati, na harufu haina mwenyeji. Kwa sababu hiyo ipo migogoro ambayo hakuna aliyesogeza mpaka hata kwa hatua moja, na bado upande mmoja umeumia. Mada hii inahusu migogoro hiyo: uchafu wa mabanda, viuatilifu, na maji machafu ya mitambo ya mazao yanapotoka shamba moja na kuingia jingine.

Kisa cha mfano

Ili sheria isibaki hewani, ni vyema kuanza na kisa cha mfano, ambacho hakimhusu mtu yeyote wa wilaya hii, ingawa wengi watakiona kama wanakifahamu.

Mama mjane analima ekari moja ya migomba na maharage bondeni. Ana kisima kifupi kinachotumiwa na kaya tatu, na mizinga michache ya nyuki chini ya miti. Juu yake, kwenye mteremko, jirani amejenga banda la nguruwe. Mwaka wa kwanza nguruwe walikuwa wanne. Mwaka wa tatu wamefika thelathini. Samadi na maji ya kuoshea banda huingia katika shimo lililochimbwa bila kusakafiwa. Masika yanapokolea, shimo hujaa na kufurika. Jirani huchukua jembe akakata mfereji mdogo ili maji yapate pa kwenda, na pa kwenda ni bondeni. Baada ya wiki chache kisima kinanuka, na watoto wa kaya zile wanaharisha. Upande wa pili wa shamba, mkulima wa nyanya hubeba bomba la mgongoni na kupulizia dawa hata siku za upepo. Majani ya maharage yanaungua, na nyuki wanakutwa wamekufa mbele ya mizinga.

Mama anapanda mteremko kwenda kwa jirani yake, aliyekuwa rafiki wa marehemu mumewe. "Shemeji," anasema, "maji ya kisima yataua watoto." Jirani anamjibu bila ukali: "Shemeji, banda nimelijenga kwenye ardhi yangu. Kibali ninacho. Na watoto wangu wanasoma kwa nguruwe hawa."

Maneno yote ya jirani ni kweli. Ardhi ni yake, kibali anacho, na ada ya shule inatoka bandani. Swali la sheria ni kama ukweli huo unatosha kumwondolea wajibu. Jibu la sheria ni kwamba hautoshi. Haki ya kutumia ardhi inakwenda pamoja na wajibu wa kuyazuia madhara ya matumizi hayo yasimfikie mwingine. Lakini anayeumia naye ana wajibu: aoneshe madhara ni yapi, yametoka wapi, na aende mahali panapostahili kwa wakati unaostahili. Wengi hupoteza haki yao kwa kutotimiza wajibu huu wa pili.

Sheria hizi zilitoka wapi

Kanuni kuu za madai ya aina hii hazikuandikwa na Bunge la Tanzania. Zimetokana na hukumu za majaji wa Uingereza, zikapokelewa nchini kupitia Sura ya 358 ya Sheria za Tanzania, ambayo inaziruhusu mahakama kutumia kanuni za Kiingereza zilizokuwapo tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri mazingira ya nchi yanavyoruhusu. Hukumu za Kiingereza za baada ya tarehe hiyo hazizifungi mahakama za Tanzania, lakini husomwa na kupimwa. Juu ya kanuni hizo za zamani Bunge limeongeza sheria zake, hasa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Namba 20 ya mwaka 2004. Mwenye dai leo anasimama juu ya misingi yote miwili.

Mlango wa kwanza: uingiliaji wa ardhi

Mwananchi akisikia neno uingiliaji hufikiria mtu aliyevuka uzio. Kisheria, kitu nacho huweza kuingilia. Anayetupa makopo matupu ya dawa katika shamba la mwenzake ameingilia. Anayekata mfereji kwa jembe na kuelekeza samadi iende kwa jirani ameingilia, hata kama miguu yake haikutoka kwake. Mwaka 1911, katika kesi ya Jones dhidi ya Baraza la Mji la Llanrwst huko Wales, mahakama iliamua kuwa majitaka yaliyoachiwa mtoni na baraza la mji, yakachukuliwa na maji hadi katika ardhi ya mdai, yalikuwa uingiliaji wa ardhi hiyo.

Mlango huu una faida kubwa: mdai halazimiki kuthibitisha hasara. Inatosha kuthibitisha kwamba ardhi iko mikononi mwake na kwamba kitu kiliingizwa bila idhini. Hasara ikiwapo, huongeza kiasi cha fidia.

Una pia ugumu wake. Kitendo lazima kiwe cha moja kwa moja. Mkulima wa nyanya akisimama mpakani na kuelekeza bomba lake juu ya maharage ya mama, huo ni uingiliaji bila mjadala mrefu. Lakini akipulizia ndani ya shamba lake na upepo ukauchukua ukungu wa dawa, wakili wake atasema kwamba upepo ndio uliobeba, siye yeye. Hapo ni salama zaidi kwa mdai kuegemea mlango wa pili, au kudai kwa uzembe: kwamba mtu mwenye busara ya kawaida hapulizii sumu wakati wa upepo, hasa pale maelezo ya kwenye kopo yanapomkataza.

Mlango wa pili: kero

Kero, katika lugha ya sheria, si kila jambo linalomchukiza mtu. Ni matumizi ya ardhi yanayoharibu ardhi ya jirani, au yanayomwondolea utulivu wa kuitumia kwa kiasi ambacho si haki kumtaka avumilie. Hapa madhara hayalazimiki kuingia moja kwa moja. Yanaweza kupenya chini ya udongo, kuelea hewani au kusikika kama kelele. Lakini lazima yathibitishwe.

Tangu mwaka 1865, katika kesi ya kiwanda cha kuyeyusha shaba cha St Helens dhidi ya Tipping, mahakama zimetofautisha aina mbili za kero. Tipping alikuwa na shamba lililopandwa miti, na moshi wa kiwanda ukaiua miti hiyo. Kiwanda kilijitetea kwamba eneo zima lilikuwa la viwanda. Mahakama ilikubali kwamba kwa usumbufu wa kawaida, kama harufu na kelele, hali ya mahali huzingatiwa. Lakini pale mali inapoharibika, hali ya mahali haimwokoi mharibifu. Kwa wilaya ya wakulima tofauti hii ni ya msingi. Harufu ya samadi asubuhi moja ni sehemu ya maisha ya kijijini, na anayeishi kijijini hawezi kudai hewa ya hoteli. Kisima kilichoharibika na maharage yaliyoungua ni jambo jingine kabisa.

Kwa usumbufu usioharibu mali, mahakama hupima mambo kadhaa pamoja: umetokea mara ngapi, unadumu kwa muda gani, ni mkali kiasi gani, mahali ni pa namna gani, na aliyeusababisha alikuwa na nia gani. Nia mbaya huugeuza hata usumbufu mdogo kuwa kero. Mwaka 1936 mahakama ya Uingereza ilimzuia mtu aliyefyatua bunduki karibu na mpaka kwa makusudi ya kuwatisha mbweha wa kufugwa wa jirani yake wakati wa kuzaliana. Alikuwa kwenye ardhi yake mwenyewe, haikumsaidia.

Kwa kisima cha mama wa kisa chetu, kesi iliyo karibu zaidi ni ya Ballard dhidi ya Tomlinson ya mwaka 1885. Majirani wawili walikuwa na visima. Mmoja aliacha kuchota katika chake, akakigeuza kuwa shimo la majitaka. Uchafu ukapita katika maji ya chini ya ardhi na kukiharibu kisima cha mwenzake. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilisema kwamba maji yaliyo chini ya ardhi hayana mwenyewe hadi yachotwe, lakini hilo halimpi mtu yeyote haki ya kuyachafua na kumnyima jirani uwezo wa kuyatumia.

Ipo pia kanuni ya Rylands dhidi ya Fletcher ya mwaka 1868, iliyotokana na bwawa la kinu lililopasuka na kuyafurika machimbo ya jirani. Anayekusanya katika ardhi yake kitu kinachoweza kudhuru kikitoroka, na matumizi hayo yakiwa si ya kawaida kwa ardhi hiyo, hubeba dhamana kikitoroka, hata kama hakuzembea. Shimo la samadi ya nguruwe wanne pengine ni jambo la kawaida la shamba. Shimo linalopokea samadi ya nguruwe thelathini juu ya kisima cha watu linazua swali zito zaidi.

Utetezi unaosikika mara nyingi

Wa kwanza ni wa kibali. Katika miaka ya 1990, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, katika kesi ya Wheeler dhidi ya Saunders, ilisikiliza madai dhidi ya mfugaji wa nguruwe aliyekuwa na kibali cha mamlaka ya mipango cha kujenga mabanda. Mahakama ilikataa hoja kwamba kibali kilimpa ruhusa ya kuwatesa majirani kwa harufu. Hukumu hiyo haizifungi mahakama za Tanzania, lakini busara yake ni rahisi kuiona. Kibali cha ujenzi husema jengo linaweza kujengwa. Hakisemi kwamba uchafu wa jengo hilo unaweza kupelekwa kwa mtu mwingine. Wanaotoa vibali na wanaovipokea wanapaswa kulielewa hili kwa namna moja.

Wa pili ni wa aliyetangulia. Mfugaji husema, "Huyu alinikuta hapa." Mwaka 1879, katika kesi ya Sturges dhidi ya Bridgman, daktari alijenga chumba cha kupokelea wagonjwa kando ya jiko la mtengeneza peremende aliyekuwa ametumia vinu vyake kwa zaidi ya miaka ishirini. Kelele na mtikisiko vilianza kuwa kero pale tu chumba kilipojengwa, na bado daktari alishinda. Kutangulia peke yake si ngao.

Wa tatu ni wa wengi: kwamba kila mtu bondeni anamwaga mtoni, hivyo haijulikani ni uchafu wa nani. Kisheria hoja hiyo haimsafishi yeyote kati yao, lakini kwa ushahidi ndiyo hoja ngumu kuliko zote. Itaguswa hapa chini.

Pale madhara yanapokuwa ya wengi

Mtambo wa kuchakata kahawa mbivu unapomwaga maji yake yenye maganda na utomvu mtoni, au korona ya mkonge inapotiririsha maji yake yenye tindikali, anayeumia si jirani mmoja. Hiyo ni kero ya umma. Kwa kanuni za zamani, mtu binafsi hakuweza kuidai mpaka aoneshe kwamba ameumia kuliko wengine. Sheria ya mwaka 2004 imeupanua mlango huo. Kifungu cha 4 kinampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye kuleta afya, na kifungu cha 5 kinamruhusu kuchukua hatua ya kisheria haki hiyo inapotishiwa. Kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa. Banda lililo ndani ya mita hizo lina tatizo hata kabla jirani hajalalamika.

Halmashauri nazo zinapaswa kujisomea historia hii, kwa kuwa kesi mashuhuri zaidi nchini juu ya kero zilifunguliwa dhidi ya mamlaka ya serikali za mitaa. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walilishtaki Baraza la Jiji kwa sababu ya dampo lililowaletea moshi na harufu mbaya. Mahakama Kuu iliamuru dampo lisitishwe. Jiji likaomba muda zaidi, na Jaji Lugakingira akakataa, akilihusisha suala hilo na haki ya kuishi iliyo katika ibara ya 14 ya Katiba. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Mwaka 1991 wakazi wa huko nao, katika kesi ya Festo Balegele na wenzake, wakaenda mahakamani, na wao pia wakapata amri ya kulisitisha dampo. Fundisho ni la pande mbili: kuhamisha uchafu si kuumaliza, na hakuna mchafuzi mkubwa kiasi cha kutofikiwa na amri ya mahakama.

Siku za kwanza ndizo zinazoamua

Madai mengi ya uchafuzi hufa kwa kukosa ushahidi, ingawa sheria ipo. Maji machafu hupita na mvua, majani yaliyoungua huoza, na miezi sita baadaye kinachobaki ni maneno ya mtu mmoja dhidi ya mwingine. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na katika mambo haya ufa huzibwa ndani ya siku chache.

Jambo la kwanza ni kumjulisha jirani, ikiwezekana kwa maandishi au mbele ya balozi au mwenyekiti wa kitongoji. Taarifa hiyo ina uzito mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1993, katika kesi ya Kampuni ya Maji ya Cambridge dhidi ya kiwanda cha ngozi, kisima kirefu cha maji ya umma kilikuwa kimeharibiwa na kemikali iliyopenya ardhini kutoka kiwandani. Kampuni ya maji ilishindwa, kwa sababu wakati kemikali ilipokuwa ikimwagika hakuna mtu mwenye busara ambaye angetabiri madhara ya namna hiyo. Jirani aliyekwisha kuambiwa kwamba kisima kinanuka hawezi tena kusema kwamba hakutabiri.

Jambo la pili ni kuwaita wataalamu mapema. Afisa afya, afisa kilimo wa kata na afisa mazingira wa wilaya wanaweza kukagua na kuandika walichokiona. Sampuli ya maji ichukuliwe na mtaalamu, katika chombo safi, kwa tarehe na saa zilizoandikwa, na ipelekwe maabara bila kukawia. Maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji na Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndizo pa kuulizia. Kwa viuatilifu, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania ndiyo yenye dhamana. Sampuli aliyojichotea mdai katika chupa ya soda haitapata heshima mahakamani.

Jambo la tatu ni kulinganisha. Maji yapimwe juu ya chanzo kinachotuhumiwa na chini yake. Hapa ndipo hoja ya "kila mtu anamwaga" hujibiwa: yakiwa safi juu ya shimo na machafu chini yake, shimo limeonekana. Mdai ajichunguze pia. Swali la kwanza ambalo mama wa kisa chetu ataulizwa ni umbali kati ya choo chake mwenyewe na kisima chake. Asipokuwa na jibu, dai lake limelegea kabla halijasikilizwa.

Jambo la nne ni kumbukumbu. Daftari lenye tarehe za kufurika kwa shimo, siku za upepo na kupulizia, majina ya mashahidi, karatasi za zahanati, stakabadhi za maji yaliyonunuliwa na za mazao ya misimu iliyopita ni ushahidi. Picha za simu husaidia, mradi simu iliyozipiga itunzwe na aliyezipiga awepo kuzielezea.

Jambo la tano ni hati. Anayedai kwa kero au uingiliaji lazima aoneshe kwamba ana haki juu ya ardhi iliyoathirika au anaimiliki kwa vitendo. Hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, hurahisisha kazi hiyo. Kwa mjane ambaye ardhi bado iko katika jina la marehemu, mirathi iliyoachwa bila kufunguliwa inaweza kumkwamisha hapo.

Ngazi za kupita

Mgogoro uanzie chini. Kamati ya mazingira ya kijiji na serikali ya kijiji zinaweza kuwakutanisha wahusika. Baraza la Ardhi la Kijiji na Baraza la Kata husuluhisha. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena uamuzi wa nani mwenye haki. Pale mgogoro unapogusa haki juu ya ardhi yenyewe, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitaupokea bila cheti cha Baraza la Kata kuonesha kwamba usuluhishi umeshindikana, isipokuwa siku 30 zimepita bila suluhu. Dai la fidia kwa madhara, pasipo mgogoro wa umiliki, ni la mahakama za kawaida, na masjala ya mahakama itamwelekeza mdai kulingana na thamani ya dai.

Zipo pia njia za kiutawala zisizohitaji kesi. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira linaweza kutoa amri ya kurejesha mazingira. Bodi ya maji ya bonde husika husimamia umwagaji wa majitaka katika vyanzo vya maji. Afisa afya ana mamlaka juu ya kero chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009.

Muda nao una ukomo. Dai la madhara ya kiraia hupaswa kufunguliwa ndani ya miaka mitatu tangu haki ya kudai ilipozaliwa. Anayetaka kuishtaki serikali, ikiwemo halmashauri, lazima kwanza atoe notisi ya siku 90. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kutafuta msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kwa kuanzia kwa msajili msaidizi aliye katika wilaya.

Tahadhari moja ni lazima. Sheria ya zamani ilimruhusu aliyeudhiwa kuiondoa kero mwenyewe katika hali chache. Njia hiyo ni ya hatari, na haifai kutegemewa. Anayebomoa ukuta wa banda, anayetia sumu nguruwe wa jirani au anayemshikilia mtoto wa mkulima mpaka baba alipe hugeuka kutoka mdai kuwa mshtakiwa, na dai lake jema huzama katika kosa lake.

Mwisho wa kisa

Mahakama ina nafuu mbili kuu: fidia kwa yaliyopita na zuio kwa yajayo. Zuio halilazimiki kulifunga shamba. Mahakama inaweza kuamuru madhara yakome na kumwachia mdaiwa atafute njia ya kuyakomesha. Hapo ndipo usuluhishi mzuri huzaa zaidi ya hukumu, kwa kuwa hukumu huwapa watu mshindi na mshindwa, ilhali mama na jirani yake wataendelea kutumia njia moja ya kwenda kisimani na kanisani.

Makubaliano yenye maana kwa wawili hao yanaweza kuwa haya: mfereji wa jembe uzibwe siku hiyo hiyo, shimo lihamishiwe upande wa pili wa banda na lisakafiwe, idadi ya nguruwe isizidi uwezo wa shimo, kisima kisafishwe na maji yapimwe kwa gharama ya mfugaji, na mpaka majibu ya maabara yatoke, mfugaji azipatie kaya tatu maji safi. Samadi ileile inaweza kuingizwa katika mtambo wa bayogesi, kama ile iliyoenezwa na CAMARTEC ya Arusha, na masalia yake yakarudi kwenye migomba ya pande zote mbili. Mkulima wa nyanya naye akubali kupulizia alfajiri kabla ya upepo kuamka, na awape wenye mizinga taarifa jioni ya kuamkia siku hiyo. Yote yaandikwe, yatiwe sahihi mbele ya baraza, na kila upande ubaki na nakala. Makubaliano yasiyoandikwa hukauka kabla ya matope ya masika.

Kwa wakulima wa Kilimanjaro, isale ni mmea wa mpakani, na jani lake pia hupelekwa kwa mtu aliyekosewa kuomba radhi. Mmea mmoja unabeba kazi zote mbili, ya kutenganisha na ya kupatanisha. Sheria ya kero na uingiliaji, ikieleweka vizuri, hufanya kazi hiyohiyo. Inamwambia mwenye banda kwamba ardhi ni yake lakini kisima si chake, na inamwambia mwenye kisima kwamba haki yake inahitaji daftari, sampuli na subira. Pale wote wawili wanapolijua hilo kabla ya masika, watoto wa bondeni hunywa maji safi, na wale wa mteremkoni huendelea kwenda shule.